Pointi sita na alama thelathini



Wapendwa waamini, kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, swali moja hutembea bonde zima, kutoka Kidatu hadi Mlimba, na ng'ambo ya mto hadi Lupiro na Malinyi: je, kwa matokeo haya kijana wetu anaweza kusomea udaktari? Wanaouliza ni wazazi waliouza mpunga kabla bei haijapanda ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa ada. Wanastahili jibu lililo sahihi, si la kubahatisha. Juma hili napenda kulijibu swali lao kwanza, kisha nitaje jambo ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha: kwa watoto wengi wa bonde letu mlango wa udaktari haufungwi kidato cha sita. Umekwisha kufungwa miaka mingi kabla, na wapo ambao umewafungia wakiwa tayari wanahudumia wagonjwa.

Jibu ni hili. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa miaka ya karibuni unamtaka mwombaji wa Shahada ya Udaktari wa Binadamu awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia kwa jumla ya pointi zisizopungua 6, na katika kila somo asiwe chini ya gredi D. Tume huhesabu hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi D tatu ni pointi 6, na hapo ndipo kilipo kizingiti.

Wazazi wengi huchanganyikiwa hapa, wala siwalaumu. Karatasi ya matokeo ya Baraza la Mitihani nayo ina pointi, lakini Baraza huzihesabu kinyume: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Mwenye D tatu, kwa Baraza, ana pointi 12, Daraja la Pili. Mtu huyo huyo, kwa gredi zile zile, ana pointi 6 kwa Tume. Na mwenye B tatu ana pointi 6 kwa Baraza, lakini 12 kwa Tume. Kwa Baraza pointi chache ndizo sherehe, kwa Tume ni pointi nyingi. Sijui ni nani aliyeona vema nchi moja iwe na mizani miwili ya namna hiyo kwa cheti kimoja, ila ndivyo ilivyo. Mzazi akiambiwa "mtoto ana pointi sita", swali la kwanza liwe: pointi za nani? (Waliomaliza kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 wana hesabu yao ya pekee, kwa sababu miaka hiyo kulikuwa na gredi B+ na pointi zikapangwa upya. Wausome mwongozo kwa uangalifu.)

Jumla peke yake pia haitoshi. Fikirini kijana aliyepata A katika Biolojia, A katika Kemia na E katika Fizikia. Kwa Baraza ana Daraja la Kwanza la pointi 7, na nyumbani kuku wamekwisha kuchinjwa. Kwa Tume ana pointi 11, karibu mara mbili ya kizingiti. Hata hivyo hawezi kuomba udaktari, kwa kuwa ile E, ambayo ni alama kati ya 40 na 49, haifiki D. Mwenzake mwenye D tatu tupu anaweza kuomba. Nasema anaweza kuomba, maana kizingiti ni ruhusa ya kuingia foleni, hakimhakikishii mtu kiti. Muhimbili, Bugando, Moshi na hata hapa kwetu Ifakara, ambako tangu mwaka 2010 pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, waombaji hushindanishwa, na wenye gredi za juu hutangulia.

Je, kizingiti hicho ni kikali mno? Sioni hivyo. D ya kidato cha sita huanzia alama 50 kati ya 100, na mtu atakayekabidhiwa kisu na dawa ya usingizi si ajabu akidaiwa kuwa amejua nusu ya Kemia aliyofundishwa. Wanaotaka kizingiti kishushwe kwa huruma ya watoto wa vijijini wanawahurumia kwa njia isiyofaa, kwa sababu mgonjwa wa kijijini naye ana haki ya kutibiwa na mtu aliyejifunza.

Kinachonisumbua kipo nyuma zaidi.

Katika mtaala ambao wengi wa waombaji wa leo wameusoma, Biolojia na Hisabati ni za lazima hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia mwanafunzi aliweza kuziacha alipoingia kidato cha tatu. Ana miaka 15 au 16. Mwalimu wa Fizikia hayupo, au yupo mmoja kwa vidato vinne. Mtoto anaacha Fizikia kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba hakuna anayemfundisha, na hakuna mtu mzima anayemwambia kwamba siku hiyo ameacha pia udaktari, ufamasia na hata stashahada ya utabibu. Nyumbani hawajui. Shuleni wanajua, lakini mwanafunzi mmoja aliyepungua katika somo linaloharibu wastani wa shule hatafutwi sana.

Shule nyingi za kata zilijengwa kwa nguvu za wananchi katika miaka ya 2000, na mnakumbuka michango ya maabara ya mwaka 2014, kila shule ikidaiwa vyumba vitatu. Kujenga chumba tuliweza. Lakini chumba chenye meza za zege bila maji, bila kemikali na bila mwalimu hakimfundishi mtoto kupima asidi. Ongezeni na mazingira ya bonde letu. Mpunga ukianza kuchanua familia huhamia mashambani, mbali na kijiji, na watoto ndio wa kuamia ndege. Majuma anayoyakosa mtoto katika kuamia hayarudishwi na mtu, na Hisabati ni somo lisilosamehe pengo. Ukikosa Historia ya juma moja utaisoma mwenyewe kwa taa ya usiku, lakini ukikosa juma la milinganyo, juma linalofuata unakaa darasani kama mgeni.

Matokeo yake yanajulikana. Kwa miaka mingi, kitaifa, ni karibu mtahiniwa 1 tu kati ya 5 aliyefaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne. Kufaulu maana yake ni kupata angalau D, na D hiyo siku hizi huanzia alama 30 kati ya 100. Wanne kati ya watano walishindwa kufika thelathini! Taifa ambalo watoto wake wanne kati ya watano hawafiki thelathini haliwezi kusema kwamba tatizo ni akili za watoto.

Sasa nifike kwa wale ambao hasa ndio walionifanya niandike.

Ipo njia ya pili ya kuingia udaktari. Aliyesoma Stashahada ya Utabibu naye anaweza kuomba shahada, bila kupita kidato cha tano na sita, endapo amepata wastani wa B chuoni. Kwa watoto wa bonde letu hii ndiyo njia ya kawaida: amalize kidato cha nne, asome utabibu miaka mitatu, apangiwe zahanati au kituo cha afya, afanye kazi, kisha aende chuo kikuu. Lakini mwongozo unaongeza sharti. Lazima cheti chake cha kidato cha nne kiwe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Ili kuingia chuo cha utabibu alidaiwa kufaulu masomo manne, na ndani yake Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza zilihesabiwa kuwa nyongeza njema tu.

Mnaona mtego ulipo. Mfikirieni tabibu aliyepata alama 27 za Hisabati akiwa na miaka 17. Alikubaliwa chuoni kihalali, akahitimu kwa wastani wa B, akapelekwa zahanati ya mbali ambako wengine hawakutaka kwenda. Miaka kumi amepima watoto wenye homa, amekokotoa dozi kwa kilo, amehesabu matone ya dripu, ameamua usiku ni mama yupi apelekwe Ifakara mara moja na yupi asubiri kupambazuke. Anaomba udaktari. Anajibiwa kwamba hana sifa, kwa sababu ya alama tatu alizozikosa katika mtihani wa kidato cha nne.

Zamani palikuwa na ngazi nyingine. Tabibu mwenye uzoefu aliweza kwenda kusoma miaka miwili akawa Daktari Msaidizi. Mafunzo hayo yalianza katika miaka ya 1960, wakati nchi haikuwa na madaktari. Mwalimu Nyerere alizoea kutukumbusha kwamba tulipata uhuru tukiwa na madaktari 12. Madaktari wasaidizi ndio waliozibeba hospitali za wilaya kwa miongo kadhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, ulikuta kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ulifanywa na wao, na kwamba matokeo ya wagonjwa wao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya wale waliotibiwa na madaktari wenye shahada. Mafunzo hayo sasa yamesitishwa. Sababu zilizotolewa zinaeleweka: nchi inataka madaktari kamili, na vyuo vya kuwafundisha vimeongezeka. Lakini ngazi ilipoondolewa, waliokuwa wakiipanda walibaki chini wakiutazama mlango mmoja tu, na mlango huo una sharti la Hisabati ya kidato cha nne.

Ifakara isingekuwa Ifakara kama watu wangepimwa hivyo. Historia ya tiba katika mji wetu ni historia ya kuwafundisha watu waliokuwapo. Wakapuchini kutoka Uswisi na Masista wa Baldegg walianza na zahanati ya misheni, na ikakua kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua hapa maabara ndogo ya utafiti, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1961, kwa msaada wa Basel, kikaanzishwa kituo cha kuwafunza wahudumu wa afya wa vijijini, na katika miaka ya 1970 kikawa chuo cha serikali cha matabibu. Nchini kote wakati ule, wahudumu wengi wa tiba vijijini waliingia mafunzoni na elimu ya darasa la saba. Tena mwishoni mwa muongo wa 2000 hapa hapa Ifakara yalianza mafunzo ya miezi mitatu ya dharura za uzazi na ya dawa za usingizi, kwa ajili ya madaktari wasaidizi, matabibu, wauguzi na wakunga wa vituo vya afya vya pembezoni. Katika mafunzo ya namna hiyo mtu hupimwa kwa mikono yake, mezani, mbele ya mgonjwa na mbele ya mwalimu wake.

Najua nitakavyojibiwa. Udaktari unahitaji hesabu, na daktari asiyejua kugawanya ataua. Ni kweli kabisa, na mtu asinisome kana kwamba ninaidharau Hisabati. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo, na nukta ya desimali ikihama mahali pake mtoto anapewa dozi mara kumi. Lakini ikiwa hofu yetu ni hiyo, basi tabibu apimwe katika hilo, leo, kwa ukali wowote wapendao wenye vyuo. Mtihani alioufanya zaidi ya miaka kumi iliyopita, katika shule isiyokuwa na mwalimu wa Hisabati, unatueleza habari za shule ile kuliko habari za mtu huyu.

Tusisahau pia kwamba mipaka ya gredi imechorwa na wanadamu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Mwezi Mei serikali iliyafuta na kuagiza yapangwe upya, na maelfu wakahama kutoka kushindwa kwenda kufaulu bila kuandika neno jipya hata moja. Mwaka 2014 tukaletewa mfumo wa wastani wa alama, na mapema mwaka 2016 tukarudishwa kwenye madaraja. Mistari imehamahama kiasi hicho, halafu mtu mzima anafungiwa njia kwa sababu alikuwa alama tatu upande wa pili wa mmoja wa mistari hiyo.

Na kufungiwa huko kuna uchungu unaozaa dhambi. Katika uhakiki wa mwaka 2017 watumishi wa umma zaidi ya 9,900 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, watumishi wa afya wakiwamo. Zahanati za pembezoni zilipungukiwa na watu kwa siku moja. Siwatetei: cheti cha uongo ni uongo, na ni wizi wa nafasi ya mwenzako aliyekuwa mkweli. Ila mchungaji anayewajua kondoo wake hawezi kusema tu kwamba walikuwa wezi akaishia hapo. Wapo walioifanya kazi yenyewe vizuri na wakaongopa kuhusu karatasi ya ujana wao. Anayepanga masharti ya kujiunga na vyuo aliangalie jambo hilo pia, kwamba sharti lisilo na njia halali ya kulitimiza humweka mtu mzima katika jaribu.

Kuna jambo lingine dogo. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwombaji wa udaktari hudaiwa gredi B katika masomo ya msingi, lakini kwa upande wa lugha anaweza kuleta Kiingereza au Kiswahili. Huku kwetu, nchi ya Kiswahili, sharti ni Kiingereza, na Kiswahili hakiulizwi. Bibi wa Mngeta anayejieleza kwamba "moyo unakwenda mbio na mwili umelegea" hamwelezi daktari kwa Kiingereza. Sisemi Kiingereza kiondolewe, maana vitabu vya tiba viko katika lugha hiyo. Nashangaa tu kwamba lugha atakayoitumia mgonjwa haina hata D yake.

Nionavyo mimi, Tume na vyuo vya tiba wanaweza kulirekebisha hili bila kushusha kiwango hata kidogo. Tabibu mwenye wastani wa B na miaka kadhaa ya utumishi uliothibitishwa aruhusiwe kufanya mtihani maalumu wa Hisabati ya tiba na wa sayansi za msingi, uliotungwa na vyuo vyenyewe. Akishindwa, ameshindwa leo, kwa nguvu zake za leo. Akishinda, ile 27 isitajwe tena. Chuo chetu cha hapa Ifakara, ambacho ni cha Kanisa na kinaishi katikati ya matabibu wa namna hiyo, kingekuwa mahali pazuri pa kulianzisha wazo hili mbele ya Tume.

Hadi hapo itakapokubaliwa, sharti lipo, na njia ya halali ya kulitimiza ni moja: kusafisha cheti. Baraza la Mitihani humruhusu mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne kurudia masomo anayoyataka kama mtahiniwa wa kujitegemea, hata kama ni Hisabati peke yake. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka katika vituo vya mitihani, mtihani hufanyika Novemba, na matokeo hutoka kwa kawaida Januari. Najua ni aibu kwa tabibu mwenye miaka 30 kukaa chumba kimoja na vijana waliokosa mwaka jana, pengine akiwa amemtibu mama wa mmoja wao juma lililopita. Wauguzi na matabibu wanaolitafakari jambo hilo wasiliache hadi Februari inapokaribia kwisha, maana anayechelewa hutozwa faini.

Wazazi wenye watoto kidato cha pili nawaomba jambo moja. Kabla shule haijafungwa mwishoni mwa mwaka nendeni mkaulize ni nani atakayefundisha Fizikia kidato cha tatu. Kama jibu ni kwamba hayupo, msikubali mtoto aandikiwe masomo ya sanaa kimyakimya. Jumuiya ndogo ndogo mbili tatu zikiungana zinaweza kumlipa kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayesubiri chuo, afundishe Hisabati na Fizikia jioni. Wengi wa vijana hao huwa na miezi kadhaa nyumbani kati ya mtihani wao wa mwezi Mei na kufunguliwa kwa vyuo mwishoni mwa mwaka, na kwa sehemu kubwa ya miezi hiyo mpunga umekwisha kuvunwa, watoto hawaamii tena ndege.